Chimbueni Visima vya Baba Zenu

Fungueni Mwanzo sura ya 26, muisome yote nyumbani, polepole. Leo sina neno la dhahabu wala la magari ya kubarikiwa. Nina neno la matope.

Isaka alikuwa Gerari, na nchi ilikuwa na njaa. Baba yake, Ibrahimu, aliwahi kuchimba visima katika nchi ile. Mzee alipofariki, Wafilisti walikuja na udongo, wakavifukia. Hawakuyataka yale maji, wala hawakuyanyweshea mifugo yao. Waliyafukia tu, kwa kijicho. Naye Isaka alikuwa mtu mzito: ana kondoo, ana ng'ombe, ana watumishi, na mwaka ule ule alipanda akavuna mara mia. Mtu kama huyo angeweza kusema, "Hayo ni mambo ya mzee, mimi nina uwezo wangu." Hakusema. Alirudi kwenye mashimo ya baba yake, akayafukua moja moja, na kila kisima akakirudishia jina alilokipa mzee.

Sisi wa milima ya Upare tuna aibu kuliko Isaka. Visima vyake vilifukiwa na maadui. Vyetu, ni Mfilisti gani aliyekuja? Nani alipanda mlima usiku akazijaza ndiva zetu udongo? Hakuna. Tumezifukia wenyewe, kwa kutofanya kitu, mwaka baada ya mwaka, huku tukipita kando yake kwenda kuhudhuria mikutano ya kuombea mvua.

Nawaandikia kwanza ninyi vijana, maana wengine wenu neno ndiva mmelisikia kwa babu tu. Ndiva ni bwawa dogo la mlimani, ukingo wake umejengwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa miguu na magogo. Mfereji unatoka kijitoni, unatambaa ubavuni mwa mlima, unaingiza maji ndivani. Chini ya ukingo kuna tundu lenye kizibo. Jioni watu wakienda kulala, kizibo kinafungwa. Maji yanaingia usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu anafika na jembe lake, anazibua, na maji yanashuka shambani.

Mtu atasema, basi hilo tu? Ndiyo, ndugu yangu, hilo tu. Lakini kaa chini upige hesabu waliyoipiga babu zako ambao hawakuingia darasani. Chukua kijito cha kiangazi kinachotoa lita 2 kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 10. Ukiyaelekeza maji hayo moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo mkavu, kuteremka hadi shamba lililoko mbali, hayafiki. Ardhi inayanywa njiani. Mwenye shamba la juu analowesha mistari michache, wa katikati anapata unyevu wa kumdanganya, wa chini anapata habari. Sasa yafungie maji hayo hayo ndivani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Asubuhi una lita 86,400. Yafungulie yatoke kwa saa 3, na unapata mkondo wa lita 8 kwa sekunde, mara nne ya kile kijito, mkondo wenye nguvu ya kukimbia mfereji mzima na kufika kwa mjane mwenye shamba la mwisho kabla jua halijawa kali. Maji hayakuongezeka hata tone. Yalipata pa kungojea.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawaimbisha watoto methali hiyo shuleni, na ndiva iliyo nyuma ya shule imeota matete, mbuzi wanalala ndani yake.

Mnaniambia, "Mchungaji, siku hizi mvua hakuna." Nasikia, na siwezi kuwabishia kwamba vuli haitabiriki na masika yanakuja yakiwa yamechoka. Tambarare ya Same iko upande wa mlima unaonyimwa mvua. Kwa wastani inapata kama milimita 500 kwa mwaka, na mara nyingi chini ya hapo. Ni kidogo. Lakini milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ekari moja ina mita za mraba zaidi ya 4,000. Hivyo ekari moja ya ardhi kavu ya Same, ile tunayoiita ya laana, Mungu anaimwagia lita milioni 2 kwa mwaka. Milioni 2! Kila ekari! Bila bili, bila mita, bila fundi wa kuhonga. Nyingi zinashuka katika siku chache za mvua kali, zinakusanya udongo mwekundu na mbegu ulizozikopa, zinaunguruma korongoni kwenda Makanya na Hedaru, zinakatiza barabara kuu, abiria wa mabasi wanashuka kupiga picha. Juma la pili unarudi kanisani kuomba maombi kwa ajili ya ukame.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu ametupa, sisi tumemwaga. Kisha tunamnyoshea kidole Mpaji!

Wala msidhani ndiva zilidumu kwa sababu ya mawe. Mawe yapo hata leo. Zilidumu kwa sababu ya watu kuitana. Parapanda ilipopigwa, hakuna aliyeuliza posho. Msaragambo ulikuwa msaragambo: nyumba hii inatoa mtu, nyumba ile inatoa mtu, mwenye jembe na jembe, mwenye karai na karai. Asiyefika hakupata maji mpaka alipe faini. Ukoo uliochimba ndiva ulikuwa na sauti ya kwanza, lakini jirani aliyekuja kuomba kwa heshima alipewa zamu yake. Watu wa juu na watu wa chini walikubaliana: ninyi chukueni mchana, sisi tuachieni usiku. Waligombana pia, msidanganyike. Hata Isaka aligombana. Kisima cha kwanza walichochimba watumishi wake bondeni, wachungaji wa Gerari waliking'ang'ania. Cha pili vilevile. Cha tatu ndipo wakapata nafasi ya kukaa. Isaka hakubeba upanga wala hakuacha kuchimba. Ninyi mlioachana na kamati ya ndiva kwa sababu miaka kadhaa iliyopita fulani alifungulia maji usiku wa zamu yenu, mmehesabu maharage mangapi mmekosa kwa ajili ya hasira ile?

Nimeshiriki kusafisha ndiva, na nitawaambia kazi ilivyo ili asije mtu akaniambia nahubiri nisichokijua. Maji yanamalizwa kwanza yote kwa tundu la chini. Linabaki tope zito, linafika magotini, linanuka majani yaliyooza, na vyura wanarukaruka wakitafuta pa kwenda. Vijana wanaingia na chepe wanakata tope vipande. Wanapakia kwenye karai. Karai linapita mkono kwa mkono hadi ukingoni. Kina mama ndio wenye kasi, kwa kuwa hawasimami kubishana siasa. Tope lile halitupwi. Ni udongo wa juu wa mashamba yetu wenyewe uliotoroka na mvua. Linarudishwa kwenye migomba, na mgomba unalijua. Kisha wazee wanakagua ukingo kwa kuugonga kwa mpini wa jembe, wanasikiliza panapolia tofauti, hapo pana tundu la panya. Panafukuliwa, panashindiliwa udongo mpya. Jua likizama kizibo kinarudi, na mtu mmoja anabaki kuangalia maji ya kwanza yakiingia, asije akakuta asubuhi yametorokea chini ya ukingo.

Hiyo ndiyo sala ninayoitaka mwezi huu. Mgongo uume!

Na hatuko peke yetu, wingu la mashahidi linatuzunguka. Majirani zetu Wachagga walichonga mifongo kwenye makorongo ya Kilimanjaro, maili kwa maili, wakipimia mteremko kwa jicho na kwa maji yenyewe, na kwenye vijito vidogo wakajenga nduwa za kuhifadhi maji ya usiku. Kila mfongo ulikuwa na mkuu wake, na asiyekwenda kuukarabati alijua adhabu inamsubiri. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyekaa huko miongo mingi, aliandika kitabu kizima juu ya sheria za Wachagga, kikachapishwa mwaka 1926. Wamatengo wa Mbinga hawakuwa na mifereji, walikuwa na miteremko mikali ambayo mtu mzima anaipanda kwa kushika nyasi. Wakafyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatizana, wakachimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya zile nyasi. Mlima mzima ukabaki na mashimo ya ngoro kama masega ya nyuki. Mvua ikipiga, kila shimo linashika maji yake na udongo wake. Maharage na mahindi yanasimama kwenye matuta. Wamelima hivyo zaidi ya miaka 100 na mlima bado uko pale.

Wakamba wa Machakos wana mbinu inayoitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua ngazi imejitengeneza. Pwani, kwenye miji ya mawe kama Gede na Kilwa Kisiwani, watu hawakujenga msikiti bila kisima na birika. Magofu ya miji hiyo yanaonyesha hivyo hadi leo. Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu. Ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao kijiji kimoja wamefundishwa wasifuje maji hata wakitawadha kando ya mto unaotiririka. Nasi Wakristo tulio na Isaka, na Elisha, na mwanamke wa kisimani Samaria, tunafundisha nini?

Nendeni pia Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Pale kuna mabaki ya mifereji na mashamba yaliyozungushiwa mawe, maelfu ya ekari, kazi ya wakulima walioishi hapo kwa karne kadhaa hadi karne ya 18 hivi. Mawe yamepangwa vizuri kiasi kwamba mgeni anashika kofia. Wakulima wale hawapo. Hakuna hata anayejua kwa hakika waliitwaje.

Sasa nigeuke nyumbani mwa Bwana, maana hukumu huanzia huko. Angalieni mapaa ya makanisa yetu. Kanisa la mita 20 kwa 10 lina paa la mita za mraba 200. Kwa mvua ya milimita 500, paa hilo linapokea lita 100,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kukauka, unabaki na lita 80,000, ndoo 4,000. Tunafanyaje nazo? Tunaziacha zidondoke kwenye msingi wa jengo tulilolichangia kwa mnada wa kuku na ndizi kwa miaka mingi, zichimbe mtaro hadi nondo zionekane. Ndani kwaya inaimba juu ya mto wa maji ya uzima. Nje mto umepita. Baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa anashuka korongoni na dumu kwenda kutafuta maji ya kupikia chai ya wageni!

Bati tumepata. Rangi tumepata. Spika mbili kubwa za kuwasumbua majirani tumepata. Gata za kuzunguka paa, tangi moja chini yake, mfuniko wa kuzuia mbu na jua, na kipande cha bomba cha kumwaga kando mvua ya kwanza iliyobeba vumbi na mavi ya ndege, hivyo tunangoja mfadhili. Nasema bila kuficha: usharika unaojenga mnara kabla ya tangi umekosea utaratibu.

Kuna jambo zito zaidi, na najua wazee wengine watanikunjia uso. Babu zetu walikuwa na misitu isiyoguswa, misitu ya ngasu, yaani ya jando, na ya matambiko ya koo. Mtu hakukata fimbo humo. Tulipopokea Injili, wengi tulidhani kuiteketeza ni ushindi juu ya shetani. Tukaingia na shoka tukiimba. Mingi ya misitu ile ilikaa juu ya chemchemi au kwenye vichwa vya vijito. Chini ya kivuli kile majani yalioza, mizizi ikapasua ardhi, mvua ikazama taratibu na kutokea bondeni miezi mingi baadaye, wakati wa kiangazi, hasa ilipohitajika. Tulipoifyeka, mvua ilibaki na njia moja: juu juu, kwa kasi, hadi barabarani. Tulipewa Injili ituweke huru na hofu ya mizimu. Hatukupewa shoka la kukatia chemchemi. Pandeni juu Chome, kwenye msitu wa Shengena, mlima unaofika mita 2,462, muone miti iliyovaa kuvumwani inavyodaka ukungu na kuudondosha chini hata siku isiyo na mvua. Aliyeiumba kazi hiyo ni Mungu yule yule wa Jumapili. Misitu midogo iliyobaki ya koo zetu, iwe ya nani, ilindwe kwa jina la Bwana aliyeumba mti.

Wala sisemi kila cha kale kilikuwa kitakatifu. Kazi ya mfongo huko Uchagani ilikuwa ya wanaume, na maamuzi yake yakawa ya wanaume, wakati aliyekuwa anabeba mtungi kichwani ni mwanamke. Hilo tusilifufue. Kamati ya ndiva isiyo na mama mwenye shamba la chini ni kamati ya kipofu. Tukichanganya saruji kwenye ukingo wa babu hatumkosei babu. Na zaidi ya hayo, siku hizi maji yana sheria. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ipo tangu mwaka 1991, na kikundi chenye kibali na daftari la zamu hakitaonewa na mwekezaji anayekuja na pampu. Andikisheni ndiva zenu.

Mwingine ananijibu, "Mbona sasa kuna bomba la kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu?" Tumshukuru Mungu kwa bomba lile. Mama asiyebeba ndoo usiku ni baraka tosha. Lakini maji ya bomba ni ya kunywa, kupikia na kuoga. Hayatapanda kuja kumwagilia maharage yako mteremkoni, na bei yake huiwezi kwa robo ekari ya nyanya. Shamba lako litaishi kwa maji uliyoyashika wewe.

Wapendwa, malizieni na 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu wametoka kwenda vitani na majeshi yao, siku saba wanazunguka jangwani, hakuna maji ya watu wala ya wanyama. Wanamwendea Elisha. Je, nabii aliwaambia wainue mikono wapige kelele? Aliwaambia wachimbe. Bonde lote lijae mahandaki! Tena akawaonya kwamba hawataona upepo wala mvua. Hebu jiwekeni mahali pa askari yule mwenye kiu ya siku saba, koo limekauka, anapewa amri ya kuchimba mtaro kwenye mchanga, na juu mbingu ni nyeupe. Kuna walionung'unika, nina hakika. Lakini walichimba, na asubuhi maji yakaja kwa njia ya Edomu, yakakuta pa kukaa. Maji yalikuwa muujiza wa Mungu. Mahandaki yalikuwa jasho la watu. Kama wasingechimba, maji yale yale yangepita mbele ya macho yao kama yanavyopita mbele ya macho yetu kila Novemba.

Kwa hiyo, inukeni. Vuli huanza Oktoba, na tope halitoki ndivani ndiva ikiwa imejaa maji. Kazi ni ya Agosti na Septemba. Ninyi wazee mnaojua mdomo wa zamani wa mfereji ulipo na mpaka wa ndiva unapoishia, semeni sasa mkiwa na pumzi, mtuonyeshe kwa fimbo, vijana waweke alama. Vijana wa bodaboda, asubuhi moja ya kuacha abiria haitawaua. Wazee wa kanisa, sadaka ya shukrani ya mwezi ujao inunue gata kabla ya kitu kingine chochote. Nanyi mliohamia Dar es Salaam na Arusha, mnaokuja Krismasi na kulalamika kwamba nyumbani kumekauka, tumeni sasa fedha ya mifuko mitano ya saruji, mje Desemba kuona fedha yenu ilivyotumika. Kamati ya ndiva yako iko kijijini kwako. Nenda juma hili kamuulize mwenyekiti siku ya msaragambo, na kama siku hiyo haijapangwa, ipangeni papo hapo kabla hujaondoka.